Gia ya otomatiki haioni mbele, breki ya dharura haijui nia yako

Giaboksi ya otomatiki huchagua gia kwa taarifa chache: mwendo wa gari, mizunguko ya injini na kiasi ulichokanyaga mafuta. Mteremko ulio mita 300 mbele haiujui mpaka gari limeshaanza kushuka. Breki ya dharura ya otomatiki ina upungufu wa upande wa pili: inatazama mbele muda wote, lakini haijui unataka kwenda wapi. Matatizo mengi ya magari haya hutoka kwenye mapengo hayo mawili, na machache mabaya zaidi hutokea pale mifumo yote miwili inapokutana.

Kwanza miguu. Gari la otomatiki huendeshwa kwa mguu wa kulia peke yake, breki na mafuta. Kisigino kikae sakafuni mbele ya pedali ya breki, ncha ya mguu ndiyo igeuke kufuata mafuta. Ukishtuka, mguu unarudi kwenye breki bila kutafuta. Wa kushoto upumzike pembeni. Aliyezoea klachi akiuweka mguu wa kushoto kwenye breki huikandamiza mpaka chini, na akipata hofu hukanyaga pedali zote mbili kwa pamoja. Magari mengi ya sasa hupunguza nguvu ya injini yanapohisi hivyo. Mengi ya zamani hayafanyi. Siti ivutwe mbele kiasi kwamba goti linabaki limekunjika kidogo hata breki ikikanyagwa mpaka mwisho. Vua ndala. Usitandike zulia la ziada juu ya zulia la gari, maana hilo ndilo linalonasa pedali ya mafuta.

Herufi P, ya kuegesha, huaminiwa kuliko inavyostahili. Ndani ya giaboksi kuna kipande kidogo cha chuma chenye jino, kinachojichomeka kwenye gurudumu la meno la shafti inayopeleka nguvu kwenye magurudumu. Ni hicho tu kinachoshikilia gari zima. Ukiegesha mlimani, ukaweka P kisha ukaachia breki, gari husogea kidogo na kugota: uzito wote umelalia jino hilo. Ukija kutoa P baadaye, inatoka kwa kugonga, na miaka ikipita jino na gurudumu lake vinalika. Utaratibu unaolinda giaboksi ni huu: simama kwa breki ya mguu, weka N (gia huru), vuta breki ya mkono, achia breki ya mguu taratibu gari likae juu ya breki ya mkono, kanyaga tena, weka P, zima. Kuondoka ni kinyume chake: kanyaga breki, washa, toa P uweke D (mbele) au R (nyuma), ndipo uachie breki ya mkono.

Zaidi ya hapo, P hufunga magurudumu yanayosukumwa na injini tu, tena kupitia difrensho, inayoruhusu magurudumu mawili kuzunguka tofauti. Ukipiga jeki gurudumu moja la mbele kwenye gari linalovutwa kwa mbele, lililo hewani linaweza kuzunguka kinyume na mwenzake wa chini akabingirika. Kwa hiyo kabla ya jeki vuta breki ya mkono, kisha weka kabari au jiwe kwenye gurudumu la kona ya mkabala.

Wakati mwingine gia inakataa kutoka P ingawa umekanyaga breki. Mwambie mtu atazame taa za breki nyuma. Zisipowaka, swichi ya pedali ya breki au fyuzi yake ndiyo imekufa, na giaboksi haijapata habari kwamba umekanyaga. Karibu na gia, kwenye magari mengi yenye mkono wa gia wa kawaida, kuna kifuniko kidogo. Chini yake kuna kitufe kinachobonyezwa kwa ncha ya ufunguo ili kufungua kufuli hilo. Breki ya mkono iwe imevutwa kabla hujagusa. Na usiondoke na gari hilo mpaka swichi itengenezwe, kwani walio nyuma hawaoni unapopunguza mwendo.

Si otomatiki zote ni za aina moja, na hapa ushauri wa jumla huanza kuharibu magari. Ya kawaida hupitisha nguvu kwenye toki konveta, yaani kupitia mafuta yanayozungushwa, bila klachi ya kushikamana wakati wa kuondoka. Ndiyo maana gari hutambaa lenyewe kwenye D ukiachia breki. Zenye mkanda (CVT) nyingi nazo huanza na toki konveta. Lakini kuna giaboksi zenye klachi mbili, na kuna zile ambazo kimsingi ni gia za mkono zilizowekewa mota za kukanyaga klachi na kubadilisha gia, kama ilivyo kwenye malori mengi ya kisasa. Hizi mbili zina klachi halisi. Kutambaa kwenye foleni sentimita kwa sentimita ni sawa na kuendesha kwa nusu klachi, na kulizuia gari mlimani kwa kugusa mafuta ni kuichoma. Acha nafasi ifunguke mita 5 au 10, kisha nenda mara moja na usimame kabisa. Baadhi hazitambai na hurudi nyuma mlimani. Hapo breki ya mkono ndiyo ya kuondokea. Taa ya joto la giaboksi ikiwaka, tafuta pa kusimama salama, weka N au P, acha injini iungurume bila mzigo mpaka taa hiyo izime. Hata yenye toki konveta isishikiliwe mlimani kwa mafuta: nguvu yote isiyokwenda kwenye magurudumu inageuka joto ndani ya oili.

Kwenye taa za barabarani watu hubishana kama ni D au N. Kusimama kwa muda mfupi, baki D na mguu kwenye breki. Kusimama kwa dakika kadhaa, N na breki ya mkono. Kuhamahama kila sekunde 20 hakuna faida yoyote, na kila N kwenda D ni klachi za ndani zinashikana upya.

Kubadilisha R na D kufanyike gari likiwa limesimama kabisa. Likiwa bado linaserereka nyuma ukaweka D, klachi za ndani ndizo zinageuzwa breki. Zinafanya kazi hiyo kwa muda, mpaka siku gia itakapoanza kuchelewa kushika.

Mteremko

Hapa ndipo upofu wa giaboksi unapoonekana. Chukua gari la kilo 1,500 linaloshuka mita 500 za kimo. Nishati inayopaswa kumezwa ni kama megajuli 7.4. Kulisimamisha gari hilohilo kutoka kilomita 100 kwa saa kunahitaji megajuli 0.58. Mteremko mmoja basi ni sawa na kufunga breki kutoka 100 mpaka sifuri karibu mara 13 mfululizo, ukiacha kidogo kinachochukuliwa na upepo na matairi. Ukikaa kwenye D na mguu umelala juu ya breki, diski na pedi hazipati nafasi ya kupoa. Kwanza breki inapungua nguvu ingawa pedali bado ni ngumu. Baadaye mafuta ya breki yakichemka pedali inakuwa laini na kuzama, kwa sababu mvuke unabanika na mafuta hayabaniki. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka na kiwango chake cha kuchemka hushuka. Kuyabadilisha kila baada ya miaka 2 ndicho kipimo cha kawaida.

Kwa hiyo iambie giaboksi mapema. Punguza mwendo kabla ya ukingo wa mteremko, kisha shusha gia: L, 2, 3, S, M kwa kuchagua namba, au kuzima O/D (gia ya juu ya ziada) kwenye magari yenye kitufe hicho. Magari ya haibridi mara nyingi yana B, ya breki ya injini. Gia sahihi ni ile ambayo mguu ukiwa umetoka kwenye mafuta mwendo haupandi, au unapanda polepole sana. Injini italia, labda mizunguko 3,000 au 4,000 kwa dakika; almradi sindano haijagusa eneo jekundu, haidhuriki. Kompyuta nyingi hukataa kushusha gia itakayoizidisha injini, ndiyo sababu inabidi upunguze mwendo kwanza. Breki ya mguu itumike kwa vipindi: kanyaga kwa uzito ushuke kilomita 10 kwa saa chini ya mwendo unaotaka, achia kabisa, mwendo ukipanda rudia. Barabara ikiwa na utelezi, shusha gia moja moja, kwa sababu kushusha ghafla kunaweza kuvunja mshiko wa magurudumu yanayosukuma.

Kuna wanaoweka N mteremkoni wakidhani wanaokoa mafuta. Kwa injini zenye sindano za kielektroniki za kupulizia mafuta ni kinyume. Gari likiwa kwenye gia na mguu umetoka kwenye mafuta, kompyuta hukata mafuta kabisa kwa sababu magurudumu ndiyo yanaizungusha injini. Ukiweka N injini hailazimishwi tena na magurudumu, kwa hiyo inalishwa mafuta isizime. Unalipa mafuta ili upoteze breki ya injini.

Breki ya dharura inaona nini

Mfumo huu, ambao kwenye dashibodi unaweza kuonekana kama AEB, PCS au jina jingine la mtengenezaji, hutumia rada iliyo nyuma ya nembo au chini kwenye bampa la mbele, kamera juu ya kioo cha mbele karibu na kioo cha kutazamia nyuma, au vyote viwili. Hukokotoa sekunde zilizobaki kabla ya kugonga. Kwanza hupiga mlio na kuwasha taa, kisha huiandaa breki, na mwisho hufunga. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 152, iliyoanza kutumika Januari 2020, inadai mfumo wa magari madogo ufanye kazi angalau kati ya kilomita 10 na 60 kwa saa dhidi ya gari jingine, na uweze kuagiza breki ya angalau mita 5 kwa sekunde kila sekunde, sawa na nusu hivi ya mvutano wa dunia. Umoja wa Ulaya umeulazimisha kwa magari yote mapya tangu Julai 2024.

Hesabu inaonyesha kwa nini mwendo ni kila kitu. Tuseme kuna gari limesimama mbele na mfumo unafunga breki kwa nguvu zote sekunde 1 kabla ya kugonga, lami ni kavu na breki inatoa mita 8 kwa sekunde kila sekunde. Ukiwa kwenye kilomita 50 kwa saa, una mita 13.9 na unahitaji 12.1. Unasimama, nafasi imebaki ndogo. Ukiwa kwenye 100, una mita 27.8 na ungehitaji 48. Unagonga ukiwa bado kwenye kilomita 65 kwa saa. Lami ikilowa na breki ikashuka mpaka 5, hata kwenye 50 unagonga kwa kilomita 26 kwa saa. Tena hesabu hii haijatoa muda ambao breki huchukua kujaa. Mfumo hauongezi mshiko wa tairi. Tairi lililokwisha kashata linaweza kubatilisha kila kilichowekwa na mtengenezaji.

Kuna vitu ambavyo huonwa vibaya au havionwi. Rada hupokea mwangwi kutoka madaraja, vibao na reli za kingo, kwa hiyo mifumo mingi, hasa ya zamani, hupuuza vitu vilivyosimama unapokuwa kwenye mwendo mkubwa. Hali mbaya kuliko zote ni gari lililo mbele yako kuhama njia ghafla na kufichua jingine lililosimama: muda unaobaki ni mfupi kuliko mfumo unavyohitaji kuamua. Mnyama, pikipiki iliyo pembeni mwa njia, mzigo mrefu unaoning'inia nyuma ya lori, mtu aliyejikunyata, anayekatiza kutoka nyuma ya basi, kona kali, kichwa cha mlima, jua la machweo likipiga kamera, ukungu, matope kwenye bampa: vyote hivyo hupunguza uwezo. Usiku mtembea kwa miguu huonekana kwa kamera kadiri taa zako zinavyomulika, si zaidi.

Upande wa pili ni kufunga breki bila sababu. Bamba la chuma barabarani, mlango mwembamba wa maegesho au kibao kwenye kona vinaweza kuuchanganya. Ndiyo maana umbali wa kumfuata aliye mbele hauhusu wewe peke yako. Anayekufuata kwa mita 5 hana muda gari lako likishtuka.

Mlio ukipigwa, usisubiri kuona kama gari litasimama lenyewe. Kanyaga breki kwa nguvu zote na ushikilie. ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge, itatetemesha pedali mguuni na kutoa mngurumo. Wengi huachia hapo wakidhani kitu kimevunjika. Usiachie, wala usipampu. Usukani bado unafanya kazi, tazama unakotaka kupita na uelekeze huko. Kwenye kokoto huru ABS inaweza kurefusha umbali wa kusimama, basi mwendo wa huko uwe mdogo tangu mwanzo.

Pia ujue kinachouzima mfumo katikati ya kazi. Ukikanyaga mafuta kwa nguvu au kuzungusha usukani ghafla, unachukuliwa kuwa umeamua kumpita aliye mbele, na breki inaweza kuachia. Dereva aliyekosea pedali kwa hofu anaufukuza msaada uliokuwa umeshaanza. Mkao wa mguu nilioueleza mwanzo una kazi hapa.

Na hili ndilo pale mifumo miwili inapokutana, nalo halisemwi vya kutosha. Breki ya dharura ikilisimamisha gari, kwenye magari mengi hushikilia sekunde 2 hivi kisha huachia. Giaboksi bado iko kwenye D. Kama mguu hauko kwenye breki, gari linaanza kutambaa kuelekea kilekile lililokuwa linakikwepa, pengine mtu aliyeanguka mbele ya bampa. Gari likisimama tu: mguu kwenye breki, weka P au N na breki ya mkono, washa taa za hatari, tazama kioo cha nyuma, ndipo ufikirie kingine.

Pedali ya mafuta ikinasa, breki ikipotea

Injini ikivuta yenyewe, kanyaga breki mara moja kwa nguvu na usiachie. Injini ya petroli ikiwa imefunguka kabisa haitoi uvutaji wa hewa wa kulisha buster, kifaa kinachoongezea mguu nguvu ya breki. Akiba yake huisha kwa kukanyaga mara 2 au 3, na baada ya hapo pedali inakuwa kama jiwe. Weka N. Injini italia sana, kompyuta itaizuia isijivunje. Elekea pembeni, simama, kisha zima. Kuzima ukiwa bado unakwenda ni njia ya mwisho: usukani unakuwa mzito, na ufunguo usirudishwe mpaka mahali pa kufunga usukani. Gari la kitufe huzimika kwa kukishikilia sekunde 3 hivi, au kukibonyeza mara kadhaa haraka, kutegemea aina.

Breki ikizama bila kushika, mambo yanageuka: hapo pampu pedali haraka, huenda mgandamizo ukarudi. Shusha gia hatua kwa hatua. Vuta breki ya mkono taratibu ukiwa umebonyeza kitufe chake isijifunge. Ya kielektroniki, vuta swichi na uishikilie, gari litapunguza mwendo mpaka lisimame. P usiiguse gari likiwa kwenye mwendo. Jino lile litarukaruka juu ya meno na kulia, au livunjike, na halitakusimamisha.

Kuvuta, kuosha, na fundi wa kioo

Otomatiki ya kawaida haiwaki kwa kusukumwa, kwa sababu pampu ya oili ya giaboksi huzungushwa na injini. Kwa sababu hiyohiyo, kuvutwa kwa kamba magurudumu yanayosukuma yakiwa chini kunaizungusha giaboksi bila oili kupita. Njia salama ni kubebwa, na kwa gari linalosukuma magurudumu manne ni yote manne juu. Zima breki ya dharura kabla ya kuvutwa, kupandishwa kwenye kibebeo au feri, kupita kwenye mashine ya kuosha yenye brashi, au kupimwa kwenye rola.

Kioo cha mbele kikibadilishwa, kamera lazima ipimwe na kulengwa upya. Kosa la digrii 1 huwa kama mita 1.7 pembeni kwa umbali wa mita 100, nusu ya njia. Bampa likigongwa na kunyooshwa, vivyo hivyo kwa rada. Bomba la chuma la kukinga bampa, namba iliyohamishwa, stika au rangi nene ya ukarabati juu ya eneo la rada huziba. Buti iliyojazwa mpaka pua ya gari inanyanyuka, au springi zilizobadilishwa, hubadilisha pembe. Kutokuwaka kwa taa ya onyo si uthibitisho kwamba kamera inalenga sawasawa, kwa hiyo mtake fundi akuonyeshe matokeo ya kulenga kwenye mashine yake kabla hujachukua gari.